Makumbusho ya Jamii: Wananchi Waulizwe Kabla ya Ramani

Katika miradi mingi ya majengo ya umma Afrika Mashariki, mwananchi huitwa kwa mara ya kwanza siku ramani inapoletwa ukumbini. Msanifu majengo amekwisha kulipwa sehemu ya ujira wake, picha za kompyuta zimebandikwa ukutani zikionesha jengo la vioo na miti ambayo haijapandwa, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, na kinachoulizwa ni kama rangi ya paa inapendeza, kama maegesho yanatosha, na jina gani liandikwe langoni. Baada ya saa mbili watu wanapewa soda na nauli, na ripoti inaandikwa kwamba wadau walishirikishwa. Kwa soko au stendi ya mabasi utaratibu huu ni mbaya, ila madhara yake yana mipaka, kwa sababu kila mtu anajua soko ni la kazi gani. Makumbusho ya jamii hayana bahati hiyo. Mzee mmoja anayataka yawe stoo salama ya vitu vya ukoo. Mwalimu anataka chumba cha wanafunzi arobaini. Kikundi cha ngoma kinataka uwanja, mfanyabiashara anataka watalii, na mama aliyefiwa hataki kabisa kitu cha marehemu wake kitazamwe na wageni. Jengo likishachorwa, baadhi ya majibu hayo yamekwisha kuchaguliwa na mengine kutupwa, bila aliyechagua kulazimika kumweleza mtu yeyote sababu.

Uamuzi wa kweli kuhusu jengo la makumbusho umo katika karatasi chache zinazoutangulia mchoro: zile anazokabidhiwa msanifu zikimwambia jengo ni la nini, litatunza vitu gani, litakuwa na vyumba vingapi na vya ukubwa gani, litakaa kiwanja gani, na litakula fedha kiasi gani kila mwaka baada ya utepe kukatwa. Wengine huziita hadidu za rejea, wengine andiko la mahitaji. Kwa kawaida huandikwa na ofisa mmoja na mshauri mwelekezi mmoja, ofisini, kwa haraka ya kuwahi tarehe ya mfadhili. Hapo ndipo wananchi wanapotakiwa kuwepo. Wakiwepo hapo, hata mchoro wakiuona mara moja tu hawatakuwa wamepoteza kitu kikubwa. Wasipokuwepo, mikutano ishirini ya kutazama mchoro haitawarudishia walichonyimwa.

Haki yenyewe haina ubishi tena. Agosti 2022, mjini Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha fasili mpya ya makumbusho inayotaka yafanye kazi pamoja na jamii. Nchini Kenya jambo hili ni la kikatiba. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inaweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti makumbusho, kisha jedwali hilohilo linazipa kaunti wajibu wa kuhakikisha jamii zinashiriki katika utawala wa mahali pao. Mahakama nazo zimeonesha kwamba maneno hayo hayakuandikwa kwa mapambo: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, katika kesi ya Robert Gakuru na wenzake, kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Tanzania inao utaratibu mwingine. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na kwa hiyo makumbusho yanayotaka kujengwa kwenye ardhi ya kijiji lazima yapite mbele ya watu wazima wote wa kijiji hicho. Upungufu uko kwenye wakati. Sheria zinasema watu waulizwe, lakini mradi unaweza kutimiza sharti hilo ukiwa umebakiza kuchagua vigae. Kijiji kinaweza kuridhia eka mbili kwa ajili ya makumbusho bila kuambiwa ndani yake kutawekwa nini.

Uzito wa karatasi hizo unaonekana vizuri ukichukua kitu kimoja tu. Kigango ni ubao wa mti mgumu, wenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichochongwa pembetatu ndogondogo safu kwa safu, ambao Wamijikenda, hasa Wagiriama, humsimamishia mzee aliyekuwa mwanachama wa chama cha wazee cha Gohu baada ya kufariki. Huchimbiwa ardhini, huvishwa vitambaa, hupewa sadaka, na hukaa hapohapo kwenye jua na mvua hadi muda wake uishe. Familia ikihama, chenyewe hakihami. Miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri Marekani. Vingine vimeanza kurudi: Makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha vigango 30, na vilifika Kenya mwaka 2019. Sasa mwambie msanifu achore jengo la kuvipokea. Akifuata kitabu cha taaluma yake atachora chumba chenye kiyoyozi, mwanga hafifu na kabati la kioo, maana kazi ya mhifadhi ni kuzuia mti usioze. Lakini kwa waliokisimamisha, kuoza taratibu mahali pake ni sehemu ya maisha ya kigango. Je, virudi kwenye viambo vilikotoka, na hatari ya kuibwa tena ikubaliwe? Vikae stoo isiyofunguliwa kwa wageni? Au kuwe na ua wa wazi wenye ulinzi, ambamo wazee wataingia kutoa sadaka bila kulipa kiingilio? Kila jibu linazaa jengo tofauti kuanzia msingi hadi paa, na hakuna shahada ya usanifu inayompa mtu jibu hilo. Wanalo wenye vigango. Pengine hata wao hawakubaliani, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwaita mapema.

Makumbusho ya Bujora, huko Kisesa nje kidogo ya jiji la Mwanza, yanasaidia kuona upande mwingine wa jambo hili. Yalianzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika aliyefika Bujora miaka ya 1950, akifanya kazi na kamati ya Wasukuma waliokusanya vitu na maelezo yake. Wageni wengi hukumbuka zaidi banda la watemi, yaani watawala wa jadi, ambalo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Tangu hapo wapangaji wa makumbusho wamevutwa sana na wazo la jengo lenye sura ya ngoma, chungu au ngao, wakiamini kwamba sura hiyo ndiyo itakayolifanya liwe la wenyeji. Nadhani wanaangalia mahali pasipo. Utemi ulipofutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, ngoma na vifaa vya kitemi vilibaki bila ikulu ya kukaa, na Bujora ikawa mahali ambapo vingeweza kuwekwa kwa heshima bila kurudisha mamlaka yaliyofutwa. Hilo lilikuwa hitaji halisi la watu halisi, na umbo la kiti lilikuja baadaye kulitumikia. Tena kinachowarudisha Wasukuma Bujora mwaka hadi mwaka ni uwanja: kila Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, wachezaji wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukutana huko kwa mashindano ya Bulabo, na watu hujaa. Anayenakili Bujora kwa kutazama picha atajenga kiti kikubwa cha saruji na kusahau uwanja. Kikundi cha ngoma kingekuwepo wakati mahitaji yanaandikwa, uwanja ungekuwa mstari wa kwanza.

Kuhusu kiwanja, historia ya Anacostia, mtaa wa Wamarekani weusi mjini Washington, inafaa kusomwa na kila diwani anayefikiria kujenga makumbusho nje ya mji kwa sababu ardhi ya huko ni ya bure. Septemba 1967 taasisi ya Smithsonian ilifungua hapo makumbusho ya mtaa ndani ya ukumbi wa zamani wa sinema, Carver Theater, kando ya barabara ya maduka. Wakazi walisaidia kuukarabati ukumbi na walikuwa na baraza lililoshauri nini kioneshwe. Mkurugenzi wake, John Kinard, mchungaji na mfanyakazi wa jamii, aliliheshimu baraza hilo kiasi kwamba mwaka 1969 makumbusho yaliweka maonesho kuhusu panya, wakiwemo panya hai, kwa sababu panya ndio waliokuwa wakiwasumbua watu majumbani. Makumbusho ya kitaifa yasingeweza kulifikiria jambo hilo, na hakuna aliyehitaji jengo jipya ili lifanyike. Mwaka 1987 makumbusho yalihamia kwenye jengo lililojengwa mahsusi, ndani ya bustani ya Fort Stanton. Vitu vilipata stoo bora na kumbi bora. Kilichopotea ni mpita njia: mtoto anayetoka shule na mama anayetoka dukani, ambao waliingia kwa sababu mlango ulikuwa njiani mwao. Makumbusho hayo yapo hadi leo na yanafanya kazi nzuri, kwa hiyo silitaji jambo hili kama kisa cha kuanguka. Nalitaja kwa sababu linaonesha kwamba kiwanja ni uamuzi wa nani atakuwa mgeni wako wa kila siku. Uamuzi huo hautakiwi kuachiwa idara ya ardhi peke yake.

Jambo ambalo mikutano hulikwepa zaidi ni gharama ya kuliendesha jengo. Fedha za kujenga huja kwa mkupuo, zina picha na sherehe. Fedha za umeme, mlinzi, dawa ya mchwa, fundi wa paa na mshahara wa mhifadhi hutakiwa kila mwezi, na hazina mfadhili. Pwani, ambako chumvi na unyevu havipumziki, hesabu hii ni ngumu maradufu. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultan Barghash bin Said mwaka 1883, ilikuwa makumbusho yenye hazina kubwa ya historia ya Waswahili, mtepe, yaani jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba, ukiwa miongoni mwake, kabla ya kufungwa kwa uchakavu. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Sihukumu chanzo chake hapa. Ninachosema ni kwamba hata jengo linalopendwa kuliko yote mjini, lililomo ndani ya Mji Mkongwe unaotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2000, halikupona kwa kupendwa tu. Kwa hiyo andiko la mahitaji lisilo na ukurasa wa gharama za mwaka halijakamilika, na mwananchi aliyeulizwa kuhusu jengo bila kuoneshwa ukurasa huo hajaulizwa. Akioneshwa, huenda akachagua kuta nene, baraza pana na madirisha ya kupitisha upepo badala ya vioo na viyoyozi. Huenda akachagua vyumba viwili badala ya saba.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wataalamu: wananchi hawajui usanifu, na kamati haichori nyumba. Ni kweli kwamba kamati haichori nyumba, na wala hakuna anayeiomba ichore. Lakini kudai kwamba watu hawana ujuzi wa ujenzi ni kutowatazama. Makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda mjini Kampala yalipoungua Machi 2010, kazi ya kuliezeka upya jumba kuu haikuweza kufanywa na mkandarasi yeyote aliyeshinda zabuni, kwa kuwa uezekaji huo ni wajibu na elimu ya ukoo wa Ngeye. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Ujuzi mwingine ni mdogo zaidi na hauna ukoo. Anayebeba ngoma kubwa anajua upana wa mlango unaotakiwa, anayepika shughulini anajua jiko likae upande gani wa upepo, na mwalimu anajua wanafunzi watanyeshewa wapi wakisubiri. Tatizo ni kwamba tunawauliza kwa lugha ya ramani, ambayo hata madiwani wengi hawaisomi. Njia rahisi ipo, na fundi yeyote wa mtaani anaifahamu: nenda kiwanjani na kamba, vigingi na mfuko wa chokaa, chora vyumba ardhini kwa ukubwa wake halisi, kisha waambie watu watembee ndani yake wakiwa wamebeba ngoma, mikeka na watoto. Asubuhi moja ya namna hiyo hufichua makosa ambayo picha za kompyuta huyaficha kwa miezi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na halijibiwi kwa kulipuuza. Nani ndiye jamii? Mkutano wa hadhara mara nyingi hutekwa na wachache: wazee wanaume, viongozi wa chama, jamaa wa mwenye kiwanja. Mwanamke mwenye habari nyingi kuliko wote hukaa nyuma na hasemi, kijana anaona ni mambo ya wazee, na familia zilizohamia miaka ishirini iliyopita huambiwa si wenyeji. Makumbusho yaliyoandikwa na mkutano wa aina hiyo yanaweza kuwa na dhuluma kuliko yaliyoandikwa na ofisa mmoja mwenye haki. Hata hivyo dawa yake ni kubadili namna ya kuuliza. Vikao vidogo vifanyike kwa nyakati zinazowafaa wenyewe, wavuvi wakirudi, wanawake wakiwa peke yao, vijana shuleni, na yaliyosemwa yabandikwe hadharani pamoja na majina ya makundi yaliyoyasema, ili tofauti zionekane badala ya kufutwa na muhtasari. Cape Town inaonesha kwamba hata kikao si lazima. Makumbusho ya District Six yalifunguliwa Desemba 1994 ndani ya kanisa la zamani la Kimethodisti, yakikumbuka mtaa ambao serikali ya ubaguzi iliutangaza kuwa wa weupe Februari 1966 na kuwahamisha watu zaidi ya 60,000. Ramani kubwa ya mtaa ilitandazwa sakafuni, na wakazi wa zamani wakaandika kwa mkono wao nyumba zao zilikokuwa, maduka, misikiti na makanisa. Pembeni vilitundikwa vibao vya majina ya barabara, vilivyokuwa vimehifadhiwa na mmoja wa waliosimamia ubomoaji. Aliyekuwa mpangaji aliandika palepale alipoandika aliyekuwa mwenye nyumba, na hakuna aliyehitaji ruhusa ya mwenyekiti ili aseme.

Wapo wanaosema pia kwamba mfadhili hasubiri. Hoja hii hupewa heshima isiyostahili. Kubadili mstari wa andiko hakugharimu kitu, kubadili mchoro kunagharimu kiasi, na kubadili ukuta uliokwisha kupanda ni hasara tupu. Anayeruka hatua ya kwanza kwa ajili ya kuokoa muda huulipa muda huo kwenye hatua ya tatu.

Kuna pingamizi la mwisho ambalo naliona ndilo zito, na linatoka Kampala. Jengo la Makumbusho ya Uganda pale Kitante lilibuniwa na Ernst May, msanifu wa Kijerumani, na likafunguliwa mwaka 1954, enzi ya ukoloni, bila kuwepo kitu chochote tunachoweza kukiita leo ushirikishwaji wa umma. Lakini serikali ilipotaka kulibomoa mwaka 2011 ili kupisha mnara wa biashara wa ghorofa 60, wanaharakati na wataalamu wa urithi walilipigania hadharani na mahakamani, na jengo bado limesimama. Je, hii haithibitishi kwamba jengo zuri hupata wenyewe baadaye, hata kama hawakuulizwa? Jibu langu ni kwamba watu walipigania matumizi. Tangu enzi za mhifadhi Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, makumbusho hayo yalijulikana kwa ala ambazo hazikufungiwa kabatini bali zilipigwa, wageni wakasikia. Vizazi vya wanafunzi vilipita pale. Wananchi waliandika mahitaji yao kwa kulitumia jengo miaka hamsini na zaidi, na kwa bahati njema lilikuwa jengo lenye nafasi, mwanga na hewa ya kutosha kuyapokea. Mji uliopata bahati hiyo umshukuru msanifu wake. Mji unaopanga kujenga leo kwa fedha za umma hauna ruhusa ya kupanga kwa kutegemea bahati.

Ndiyo maana kikao cha kwanza kiwe na haki ya kujibu hata kwamba jengo jipya halihitajiki sasa. District Six ilianzia kanisani, Anacostia ilianzia kwenye sinema, na miji yetu imejaa maboma ya zamani ya wilaya, maghala ya pamba na nyumba za mawe zinazosubiri kuanguka. Kukarabati mojawapo na kumlipa mhifadhi mmoja mshahara wa uhakika kunaweza kuwa makumbusho zaidi ya jumba lisilo na mtu. Madiwani na wajumbe wa mabunge ya kaunti wanaweza kulibadili jambo hili bila sheria mpya: wakatae kuidhinisha fedha za msanifu hadi andiko la mahitaji, pamoja na ukurasa wa gharama za kila mwaka, lisomwe kwa sauti na kupitishwa katika mikutano ya mitaa, vijiji au wadi husika. Na wewe msomaji, ukialikwa kutazama mchoro wa makumbusho ya mji wako, uliza kwanza andiko lake liko wapi, lini liliandikwa, na nani walikuwepo.